Bendi ya Mtu Mmoja

Mwaka 1989 watu wachache nchini Uingereza walipata kanda ya kaseti iliyojaa muziki wa dakika 80. Kanda hiyo iliitwa Tarquin's Seaweed Farm, na ndani ya kasha lake mlikuwa na kijitabu kilichosimulia habari za bendi iitwayo Porcupine Tree. Kijitabu kiliwataja wanamuziki wenye majina ya kuchekesha, akina Sir Tarquin Underspoon na Timothy Tadpole-Jones. Kilieleza kwamba walikutana kwenye tamasha la roki miaka ya 1970, na kwamba baadhi yao walishawahi kuonja jela. Msikilizaji asiye na habari angedhani ameokota masalio ya bendi kubwa iliyosahauliwa.

Bendi hiyo haikuwapo. Aliyekuwapo ni kijana wa miaka 21, Steven Wilson, aliyejifungia chumbani katika nyumba ya wazazi wake huko Hemel Hempstead, mji ulio kaskazini-magharibi mwa London. Gitaa alipiga yeye, kinanda alipiga yeye, aliimba yeye, na ngoma zilitoka kwenye mashine. Rafiki yake, Malcolm Stocks, alimsaidia kutunga hekaya ya akina Sir Tarquin na kutia vikorombwezo hapa na pale. Mzaha huo waliuanza mwaka 1987, na hawakuukusudia ufike mbali.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilifika ukumbi wa Royal Albert Hall.

Kwa nini kijana mwenye kipaji ajifiche nyuma ya watu wasiokuwapo? Jibu limo katika historia ya muziki wenyewe aliokuwa akiupenda. Mwaka 1969 bendi ya King Crimson, ikiongozwa na mpiga gitaa Robert Fripp, ilitoa albamu yake ya kwanza, In the Court of the Crimson King. Baada yake Waingereza wengi waliingia katika mtindo uliokuja kuitwa roki ya progresivu: Yes, Genesis, Gentle Giant, Jethro Tull na wengineo. Wimbo mmoja uliweza kujaza upande mzima wa santuri, dakika 20 au zaidi. Mapigo hayakulazimika kwenda manne manne. Yangeweza kwenda saba, tisa, kumi na moja, hadi mchezaji akachoka kuhesabu. Filimbi ilikaa na gitaa la umeme, na kinanda kikaiga mlio wa kundi zima la fidla.

Kisha, kati ya 1976 na 1977, wakaja vijana wa punk na nyimbo zao za dakika tatu, kodi tatu za gitaa na hasira nyingi. Magazeti ya muziki yakahamia upande wao. Wale wa progresivu wakaonekana matajiri waliolewa sifa. Kufikia 1987, kijana kusema hadharani kwamba anapenda muziki huo ilikuwa kama kwenda disko na suti ya babu yake. Mzaha ulimpa Wilson mwavuli. Kama watu wangecheka, wangemcheka Sir Tarquin.

Lakini muziki ndani ya kanda ile haukuwa wa mtu anayejifunza. Wilson alikuwa ameshapitisha karibu nusu ya maisha yake akirekodi.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1967, Kingston upon Thames. Kisa anachokisimulia mara nyingi ni cha Krismasi moja alipokuwa na umri wa miaka kama 8. Mama alimnunulia baba The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd; baba alimnunulia mama Love to Love You Baby ya Donna Summer. Santuri hizo mbili zilipigwa nyumbani kwa zamu, asubuhi na jioni, hadi mtoto akawa hajui kwamba watu wengine huzitenga. Moja ilikuwa muziki mrefu wa kutafakari, nyingine muziki mrefu wa kucheza dansi, na zote mbili zilifanya studio iwe chombo cha muziki kama gitaa lenyewe.

Walimpeleka kujifunza gitaa, akachukia masomo, yakakoma. Miaka michache baadaye alilikuta gitaa la zamani limetupwa darini. Hakulipiga kama mwalimu alivyotaka. Alikwaruza nyuzi zake kwa maikrofoni, akaupitisha mlio katika mashine ya tepu iliyoelemewa, akasikiliza kinachotoka. Baba yake alikuwa mhandisi wa vifaa vya elektroniki, na badala ya kumkemea alimtengenezea kwa mikono yake mashine ya kurekodi yenye njia kadhaa.

Mashine hiyo ndiyo mzizi wa yote. Kwa kinasa sauti cha kawaida, ukirekodi mara ya pili unafuta ya kwanza. Kwa mashine ya njia nyingi, unarekodi gitaa kwenye njia ya kwanza, unarudisha tepu nyuma, unalisikiliza huku ukiimba kwenye njia ya pili, kisha besi kwenye ya tatu. Mtu anaweza kukaa kitako akaitikiana na nafsi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tulivyofundishwa. Wilson alikuwa na umri wa miaka kama 12 alipopewa namna ya kukifanya kidole kimoja kuwa kumi.

Kanda ya 1989 ilimfikia Nick Saloman, mpiga gitaa wa The Bevis Frond, naye akamwelekeza Wilson kwa Richard Allen, mmoja wa waandishi wa jarida dogo la muziki, Freakbeat. Allen alikuwa mbioni kuanzisha lebo, Delerium, na akaomba wimbo mmoja kwa ajili ya mkusanyiko. Baadaye nyimbo bora za kaseti zikapangwa upya kuwa albamu, On the Sunday of Life, iliyotoka mwaka 1992. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hesabu ya kutupa. Kwa mtu wa chumbani, ilikuwa umati.

Ajabu ni kwamba kazi hii haikuwa ile aliyoitegemea. Tegemeo lake lilikuwa No-Man, kikundi alichokuwa nacho na mwimbaji Tim Bowness tangu 1987. No-Man ilikuwa na mkataba na lebo ya One Little Indian na sifa kutoka kwa magazeti yaleyale yasiyotaka kusikia neno progresivu. Porcupine Tree ilikuwa kazi ya usiku. Fedha za kula zilitoka pia kwenye muziki wa matangazo ya biashara, kazi isiyo na jina lakini yenye darasa lake: kumaliza wazo ndani ya sekunde 30, kisha kuanza lingine.

No-Man ndiyo iliyomletea watu. Mwaka 1992 kikundi hicho kilizunguka jukwaani na wanamuziki watatu waliotoka bendi iitwayo Japan, na mmoja wao alikuwa mpiga kinanda Richard Barbieri. Barbieri si mtu wa kukimbiza vidole. Kazi yake ni kutafuta mlio mmoja usiojulikana umetoka wapi, akauacha uelee. Wilson alimwalika kwenye albamu ya pili ya Porcupine Tree, Up the Downstair, ya mwaka 1993. Akamwalika pia rafiki wa siku nyingi, Colin Edwin, apige besi. Bado walikuwa wageni tu. Mwenye nyumba alikuwa mmoja.

Hapo ndipo uongo ulipodaiwa. Watu waliokuwa wakinunua rekodi walitaka kuiona bendi, na Sir Tarquin asingeweza kupanda jukwaani. Tarehe 4 Desemba 1993, katika ukumbi mdogo wa baa ya Nag's Head, High Wycombe, Porcupine Tree ilisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza: Wilson, Barbieri, Edwin, na Chris Maitland kwenye dramu. Tangu kanda ya kwanza ilikuwa imepita miaka minne. Hekaya ilikuwa imezaa watu.

Na watu, tofauti na tepu, hubadilisha mambo. The Sky Moves Sideways ya 1995 ilikuwa nusu kazi ya chumbani na nusu kazi ya bendi, na wengi waliinyooshea kidole kwamba imefuata mno nyayo za Pink Floyd. Signify ya 1996 ndiyo ya kwanza kufanywa na wanne hao mwanzo hadi mwisho, na kivuli cha Pink Floyd kikaanza kupungua. Machi 1997 walirekodi maonyesho yao Roma, ambako Waitaliano, mashabiki wa progresivu tangu enzi za Genesis, walikuwa wamewapokea kabla hata Waingereza wenzao hawajawazoea. Kisha zikafuata Stupid Dream mwaka 1999 na Lightbulb Sun mwaka 2000, zenye nyimbo fupi zaidi na waitikiaji wengi, aghalabu wakiwa koo moja la Wilson lililorekodiwa tabaka juu ya tabaka. Ufundi wa chumbani haukupotea. Ulipata mahali pa kukaa.

Kilichogeuza mwelekeo kilitoka Sweden. Mikael Åkerfeldt, kiongozi wa bendi ya Opeth, alikuwa mpenzi wa Porcupine Tree. Opeth ilipiga metali nzito, yenye sauti ya kunguruma kama mnyama, lakini Åkerfeldt alikuwa mkusanyaji wa santuri za zamani za progresivu. Mwaka 2000 Wilson alikwenda Gothenburg kusimamia kurekodiwa kwa Blackwater Park, iliyotoka mwaka uliofuata. Hakuja kuwafundisha metali. Hiyo waliijua kumshinda. Alikuja na sauti za kuitikia, vinanda, na macho ya mtu anayeuona wimbo wa dakika 10 kama nyumba yenye vyumba. Walirudi kufanya kazi pamoja kwenye Deliverance ya 2002 na Damnation ya 2003, na hiyo ya mwisho haina ngurumo hata moja.

Biashara hiyo ilikuwa ya kupokezana. Opeth ilijifunza utulivu, Wilson akarudi nyumbani na uzito. In Absentia, albamu ya Porcupine Tree ya 2002, ilirekodiwa New York kwa ajili ya Lava, lebo iliyokuwa chini ya Atlantic, ikiwa na magitaa makali kuliko yote yaliyotangulia. Maitland alikuwa ameondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Gavin Harrison, mpiga dramu ambaye mapigo yasiyo sawa kwake ni kama kutembea. Kuanzia hapo bendi ikawa na injini mpya.

Wakati huohuo Wilson alikuwa na Blackfield, mradi wa nyimbo fupi na laini pamoja na mwimbaji wa Israel, Aviv Geffen. Alikuwa bado na No-Man. Na alikuwa na miradi mingine ya kelele na ukimya ambayo wachache waliinunua. Mashabiki walishindwa kuhesabu. Ukiipanga miradi hiyo kwenye meza utaona mantiki yake: mingi ina mtu mwingine mmoja ndani yake, na kila mtu anamfungulia Wilson mlango ambao peke yake asingeubisha.

Mwaka 2007 Porcupine Tree ilitoa Fear of a Blank Planet, kuhusu vijana waliozamishwa na skrini na vidonge. Katika wimbo mmoja kuna gitaa la Alex Lifeson wa bendi ya Rush. Katika mwingine kuna milio ya Robert Fripp, yuleyule wa 1969. Mkuu wa ukoo alikuwa amekuja kunywa chai kwa mjukuu. Mwaka 2009 ikaja The Incident, iliyoingia kwenye 25 bora Uingereza na Marekani, na tarehe 14 Oktoba 2010 bendi ikapiga Royal Albert Hall. Baada ya hapo, kimya. Hakukuwa na tangazo la kuvunjika. Kila mtu alichukua chombo chake akaenda zake.

Wilson alikuwa ameshaingia kwenye kazi mbili mpya. Moja ilikuwa kutoa rekodi kwa jina lake mwenyewe, kuanzia Insurgentes ya 2008. Ya pili inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa maana ndiyo shule aliyoipata ukubwani.

Mwaka 2009 zilianza kutoka albamu za King Crimson zilizochanganywa upya na Wilson kwa idhini na usimamizi wa Fripp. Kuchanganya upya maana yake ni kurudi kwenye tepu za studio, ambako kila chombo kiko kwenye njia yake, na kuvipanga vyote tena. Studio nyingi za 1969 zilikuwa na mashine za njia 8. Vyombo vilipozidi, fundi aliunganisha njia kadhaa kuwa moja ili apate nafasi, na kilichounganishwa hakikuweza kutenganishwa tena. Kila kuunganisha kulipunguza uangavu wa sauti, kama nakala ya nakala ya picha. Zikipatikana tepu za kabla ya kuunganishwa, zinaweza kupangwa sambamba ndani ya kompyuta, na kila mlio ukarudi kwenye usafi wake wa siku ya kwanza. Kisha unaweza kumzungushia msikilizaji sauti pande zote za chumba, jambo ambalo stirio ya miaka ile haikuruhusu.

Kazi hiyo inadai adabu. Wilson huwa na mchanganyo wa zamani pembeni, anaulinganisha na wake sekunde kwa sekunde, mwangwi kwa mwangwi, kwa kuwa anajua shabiki aliyeisikiliza santuri ile miaka 40 atasikia hata kikohozi kilichohama. Alipoigusa Lizard ya 1970, albamu iliyosongamana vyombo kama daladala ya jioni, Fripp mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mapenzi nayo, alikiri kwamba sasa aliusikia muziki uliokuwamo ndani. Jethro Tull wakafuata, kisha Yes, Gentle Giant, XTC na wengine. Mtu ambaye hakupitia chuo chochote cha muziki alikuwa ameketi ndani ya tepu za walimu wake, akizima njia moja baada ya nyingine kuona nani alifanya nini.

Alichojifunza kilionekana Septemba 2012, studio ya EastWest, Los Angeles. Safari hii Wilson hakutaka kurekodi tabaka juu ya tabaka. Aliwaweka wanamuziki chumba kimoja wapige pamoja kama walivyofanya wazee: Guthrie Govan kwenye gitaa, Nick Beggs kwenye besi, Marco Minnemann kwenye dramu, Adam Holzman kwenye kinanda, Theo Travis kwenye filimbi na saksafoni. Wilson ni mpiga gitaa. Kumweka Govan mbele ni kukubali hadharani kwamba kuna anayekuzidi. Aliwaandikia nyimbo ambazo mwenyewe asingeweza kuzipiga. Na kwenye kiti cha fundi wa sauti alimkalisha Alan Parsons, mtu aliyerekodi The Dark Side of the Moon. Krismasi ya utotoni ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na mkono wa binadamu kwenye vitufe. Albamu, The Raven That Refused to Sing, ilitoka Februari 2013.

Iliyofuata, Hand. Cannot. Erase. ya 2015, ilitokana na kisa cha kweli cha mwanamke wa London aliyefariki katika nyumba yake na kukaa humo zaidi ya miaka miwili bila mtu kugundua, runinga ikiwa bado inawaka. Alikuwa na ndugu, alikuwa na marafiki. Hakuwa mzee. Mji mkubwa ulimmeza tu. Wilson aligeuza kisa hicho kuwa simulizi la mwanamke wa kubuni, na akamwita mwimbaji wa Israel, Ninet Tayeb, aimbe sehemu ambayo koo la mwanamume lisingeibeba. Mtu aliyeanza kwa kujifungia chumbani ameandika kazi yake iliyopendwa sana juu ya hatari ya chumba kilichofungwa. Hilo silioni kuwa bahati tu.

Kisha siri ya kimya cha Porcupine Tree ikafichuka. Tangu mwaka 2012 Harrison alikuwa akimkaribisha Wilson nyumbani kwake, chai kidogo, muziki kidogo. Gitaa lililokuwa karibu lilikuwa la besi, basi Wilson akapiga besi. Mtu anayetunga kwa besi hatungi kama anayetunga kwa gitaa. Anaanza na mapigo, anaongea na dramu kwanza. Vipande vikakusanyika miaka nenda miaka rudi, Barbieri akaongeza vyake, na hakuna aliyemwambia mtu. Juni 2022 dunia ikapata Closure/Continuation, albamu ya kwanza ya Porcupine Tree baada ya miaka 13, na ikafika namba 2 Uingereza. Edwin hakuwamo, chombo chake kilikuwa kimeshikwa na mwenye nyumba tangu siku ya kikombe cha kwanza cha chai. Ushirikiano nao una watu wanaobaki nje ya mlango.

Tangu hapo Wilson ametoa The Harmony Codex mwaka 2023, iliyopikwa kwa kiasi kikubwa wakati korona imemrudisha kila mwanamuziki chumbani kwake, na The Overview, Machi 2025. Hii ya mwisho ina nyimbo mbili tu kwa dakika kama 42, moja kila upande wa santuri, mtindo uleule uliozikwa na punk. Inahusu hali wanayoielezea wanaanga wanapoiona dunia kutoka mbali: jinsi ilivyo ndogo, jinsi mambo yetu yalivyo madogo ndani yake. Sehemu ya mashairi yake imeandikwa na Andy Partridge wa XTC. Uhusiano wao ulikomaa kupitia tepu za XTC ambazo Wilson alikuwa amezichanganya upya, njia moja baada ya nyingine.

Santuri hiyo nayo imeorodhesha majina, kama kaseti ya 1989: Holzman kwenye kinanda, Craig Blundell kwenye dramu, Randy McStine kwenye gitaa, Partridge kwenye maneno, na mke wa Wilson, Rotem, akisoma umbali wa nyota. Hakuna anayetajwa kuwa aliwahi kufungwa jela, na hakuna hata mmoja anayeitwa Sir. Ila wote, wakiitwa jukwaani, wanaweza kutokea.